Namna ya Kutumia Kiingereza cha Kale Bila Kuoa Ukoo Mzima

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye maikrofoni mkononi na karne ya 16 kichwani. Ni wa mshereheshaji anayefungua karamu kwa "hear ye", wa mhubiri anayeisoma Biblia ya King James kwa sauti ya ngurumo, wa wakili anayeshindilia "aforesaid" na "hereinabove" katika hati ya kiapo mpaka mteja aridhike kwamba pesa yake imefanya kazi. Ni wa mwanafunzi pia, yule aliyekabidhiwa Shakespeare na kuambiwa amfurahie kabla ya mtihani. Nawapenda wote hawa, kwa sababu wamehisi jambo la kweli: Kiingereza cha kale ni kitamu mdomoni na kina uzito, na kikitamkwa sawasawa hata asiyekijua hukaa wima. Kinachoniuma ni kuona utamu huo ukimwagwa ovyo, "-eth" hapa, "thou" pale, kana kwamba maneno hayo hayakuwahi kuwa na kazi.

Yalikuwa na kazi. Tena kazi zenyewe wewe unayeongea Kiswahili unazijua kuliko Mwingereza wa leo, maana alivyovitupa yeye wewe unavyo mpaka sasa na unavitumia sokoni bila kufikiri. Tuanze na harusi.

Bwana harusi, tuseme wa Dar es Salaam au wa Nakuru, amepewa nafasi ya kusema neno. Anamtazama bibi harusi, "you" anaiona nyepesi mno kwa usiku kama huo, anavuta pumzi na kutamka: "I love ye!" Ukumbi unalipuka kwa vigelegele. Kwa sarufi ya babu zao Waingereza, bwana huyu ametangaza kwamba anawapenda ninyi: bibi harusi, somo yake, shangazi zake wote waliokaa meza ya mbele, wapambe, na wale waliokuja kwa ajili ya pilau. Ameoa ukoo mzima. Neno alilolitafuta ni "thee".

Kanuni yake unayo tayari kwenye vitenzi vyako. Sema "unapenda": ile "u-" ya mwanzo ndiyo "thou". Sema "nakupenda": ile "-ku-" ya katikati ndiyo "thee". Sema "mnapenda": ile "m-" ndiyo "ye". Sema "nawapenda", ukimaanisha ninyi: ile "-wa-" ndiyo "you". Naam, "you", neno ambalo leo limeenea dunia nzima, lilianza maisha yake likiwa la wengi tu, tena wengi wanaotendwa. Mwingereza wa leo akitaka kujua "thee" inakaa wapi na "thou" inakaa wapi, inabidi afundishwe kwa chati. Wewe jitafsirie kimoyomoyo, uone ni kiambishi gani kimejitokeza, basi.

Kwa mali kuna "thy" na "thine". "Thy" husimama mbele ya konsonanti: "thy pot", sufuria lako. "Thine" husimama mbele ya irabu, kama "thine enemy", adui yako, au hujisimamia yenyewe mwishoni: "the pot is thine", sufuria ni lako. Na katika yote manne, sauti ya mwanzo ni ile ya dhahabu na dhambi, wala haihusiani na ya thelathini. "Thou" ni dhau, "thee" ni dhii, "thy" ni dhai, "thine" ni dhain. Mtu wa pwani anayatamka haya bila kufundishwa, na wa bara akijitahidi kidogo atayapata.

Faida yake utaiona ukifungua Injili ya Luka, sura ya 22, mistari ya 31 na 32. Yesu anazungumza na Simoni. Katika Kiingereza cha sasa, sehemu zote mbili zimejaa "you", na msomaji anadhani ni Simoni peke yake anayezungumziwa tangu mwanzo hadi mwisho. King James ya mwaka 1611 inatenganisha: Shetani amewataka "you", yaani wanafunzi wote, lakini aliyeombewa ni "thee", Simoni mmoja. Biblia yetu ya Union Version inatenganisha vilevile, kwa "ninyi" na "wewe", bila jasho. Hapo mzee wa kanisa wa Kigoma anaelewa mara moja kitu ambacho mwenzake wa Manchester anahitaji tanbihi ili akione.

Sasa tahadhari kubwa. Watu wengi hudhani "thou" ni neno la heshima kuu kwa sababu wamelisikia katika sala. Ni kinyume. Tangu karne ya 13 Waingereza walianza kuwaiga Wafaransa, wakawa wanamwambia mkubwa "you", ule wingi wa heshima, na "thou" ikabaki ya mtoto, mtumishi, rafiki wa ndani, mpenzi, na Mungu, ambaye huongei naye kwa itifaki. Ukimwambia "thou" mtu asiye wa ngazi hizo, ulikuwa umemtukana. Mwaka 1603, Sir Walter Raleigh aliposhtakiwa kwa uhaini mjini Winchester, mwendesha mashtaka Edward Coke alimrushia "thou" waziwazi mbele ya mahakama, tena akasema kwa makusudi kwamba anamwita hivyo. Raleigh, mtu aliyekuwa kipenzi cha Malkia Elizabeth, aliambiwa kwa neno moja dogo kwamba sasa amekuwa si kitu. Nusu karne baadaye George Fox na wafuasi wake, Makweka, wakaamua kumwambia kila mtu "thou" au "thee", awe hakimu au mchunga kondoo, kwa kuwa mbele ya Mungu watu ni sawa. Walipigwa na kufungwa, na kiwakilishi hicho kilikuwa miongoni mwa sababu.

Kwa hiyo ukiandika barua ya kuomba kazi, meneja ni "you". Jaji ni "you". Mkwe ni "you", tena kwa unyenyekevu. "Thou" mwachie mpenzi wako, Mola wako, na adui uliyekwisha amua kugombana naye. Mswahili heshima haiweki kwenye kiwakilishi, anaiweka kwenye shikamoo, kwenye mama, kwenye mzee, ndiyo maana ni rahisi kwetu kuteleza hapa. Na anayetafsiri kwa Kiswahili, kama Mwalimu Nyerere alivyofanya kwa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, ana kazi ngumu zaidi: mhusika wa Shakespeare anaweza kumwita mwenzake "you", ghafla akageuka na kumwita "thou", na hasira yote au mapenzi yote yako kwenye mgeuko huo. Kwetu vyote viwili ni "wewe", na mfasiri lazima atafute mahali pengine pa kuweka joto lile.

Viwakilishi vikikaa sawa, mikia ya vitenzi hujipanga yenyewe. Penye "u-" weka "-est", penye "a-" weka "-eth". Unakwenda, "thou goest". Anakwenda, "he goeth". Kwingine kote kitenzi hakina mkia: "I go", "we go", "ye go", "they go". Mtu anayesema "I goeth to the shop" amejitoa nafsini mwake na kujisimulia kana kwamba ni mtu mwingine aliyetumwa sukari. Vitenzi vichache vina sura zao na huna budi kuvikariri: "thou art", "thou hast", "thou dost", "thou wilt", "thou shalt", na upande wa "a-" kuna "hath" na "doth". "They hath" haipo. Ilipo ni midomoni mwa waigizaji wa matangazo ya biashara.

Hapa nampongeza wakili. Anapoandika kwamba hati yake "witnesseth", yuko sahihi kabisa: hati ni moja, nayo inashuhudia. Mshereheshaji naye anayesema "hear ye" yuko sahihi, maana anaowaambia wasikilize ni wengi. Asimwambie hivyo mtu mmoja aliyechelewa kukaa.

Kuna "ye" nyingine, na hii ni bandia. Ukipita Fleet Street, London, utaona baa iitwayo Ye Olde Cheshire Cheese, iliyojengwa upya baada ya moto mkubwa wa mwaka 1666. Nottingham kuna Ye Olde Trip to Jerusalem. Watalii hutamka "yi" kwa furaha. Ile "Y" si Y. Waingereza wa kale walikuwa na herufi yao ya sauti hiyo ya "dh" na "th", wakiiita thorn, na katika mwandiko wa mkono wa baadaye ilikuja kufanana sana na "y". William Caxton alipoleta mashine ya kuchapa Westminster mwaka 1476, desturi na herufi za risasi zilitoka bara la Ulaya, ambako thorn haikuwamo. Wachapaji wakaweka "y" palipostahili thorn. Kila msomaji wa enzi hizo alijua kwamba panaposomeka hivyo atamke "the", na hakuna aliyewahi kusema "yi olde". Kwa hiyo ukifungua mgahawa wako Arusha na kuuandika Ye Olde Nyama Choma, sina ugomvi na nyama, lakini mfundishe mhudumu aisome "dhi".

Neno linalotumiwa vibaya kuliko yote, hata hivyo, ni "wherefore". Katika maigizo ya shule Juliet husimama juu, anaweka kiganja juu ya nyusi, anachungulia gizani kumtafuta Romeo, kwa kuwa mwigizaji ameambiwa "wherefore" ni "wapi". Maskini, Romeo yuko bustanini chini yake, anasikia kila neno. Juliet hajui kama yupo wala hamtafuti. Anachouliza ni kwa nini: kwa nini kijana huyu, kati ya vijana wote wa Verona, awe Romeo wa ukoo wa Montague ambao ni maadui wa ukoo wake? Mchezo mzima unasimama juu ya swali hilo la jina, na kiganja kile kinaufuta. Kumbuka jozi hii: "wherefore" ni kwa nini, "therefore" ni kwa hiyo. La kwanza linauliza, la pili linajibu.

Ukitaka mahali, kuna maneno tisa yaliyopangwa safu tatu, na naona uchungu kila nikikumbuka kwamba mengi kati yake Waingereza waliyaacha yakafa. "Here" ni kuwa hapa, "hither" ni kuja huku, "hence" ni kutoka hapa. Vivyo hivyo "there", "thither", "thence", kwa kule. Vivyo hivyo "where", "whither", "whence", kwa kuuliza. Kiswahili mzigo huu tumeubebesha kitenzi: unakwenda wapi, unatoka wapi. Wao waliuweka kwenye neno la mahali, kwa hiyo "whence comest thou" imeshabeba "kutoka" ndani yake. Walimu wakali watakukaripia ukisema "from whence", kwamba umerudia. Usiwasikilize sana, Zaburi ya 121 katika King James imeandikwa hivyohivyo, na hakuna aliyewahi kupungukiwa baraka kwa sababu hiyo.

Nimefika kwenye sehemu ninayoipenda zaidi, yaani yale maneno ambayo sura yake ni ya leo na maana yake ni ya jana. Haya ndiyo yanayomwangusha mhubiri. "Thou" inakutahadharisha, unajua umeingia nyumba ya kale, unavua viatu. Lakini "meat", "corn", "suffer" na "prevent" hukusalimia vizuri, kumbe wamevaa nguo za mtu mwingine.

Chukua binti wa Herodia katika Injili ya Marko, sura ya 6. Amecheza mbele ya Herode, ameahidiwa chochote, amekwenda kwa mama yake, amerudi na ombi lake la kutisha. King James inasema anataka kichwa cha Yohana Mbatizaji "by and by", kikiwa ndani ya "charger". Kijana wa leo anasikia: baadaye, kwenye chaja. Maneno yote mawili yamemdanganya. "Charger" katika Kiingereza kile ni sinia kubwa la kuandalia nyama mezani. Na "by and by" ni sasa hivi, papo hapo, kabla mfalme hajabadili nia; binti ana haraka, na haraka hiyo ndiyo inayofanya mstari ule uogopeshe. Usicheke sana lakini. Union Version, iliyotoka nzima mwaka 1952, inasema kichwa kiletwe katika "kombe", na kombe ni sahani kubwa pia, neno zuri la pwani. Mwulize mtoto wa leo kombe ni nini, atakuambia linashindaniwa kila baada ya miaka minne na mwaka 2022 lilichukuliwa na Argentina.

Tena "by and by" hakupotoka peke yake. "Soon", katika Kiingereza cha kale kabisa, ilimaanisha papo hapo. "Anon" ilimaanisha papo hapo. "Presently" ilimaanisha papo hapo. Moja baada ya jingine, yote yakateleza mpaka yakawa "baadaye kidogo", kwa sababu ya tabia ya binadamu: aliyeitwa alijibu "papo hapo", kisha akamaliza alichokuwa akikifanya. Msikilizaji akajifunza kupima. Aliyewahi kungoja fundi aliyesema "nakuja sasa hivi" anaijua historia yote ya neno "presently" bila kusoma kitabu. Ushauri wangu: ukikutana na "presently" katika maandishi ya kabla ya mwaka 1650 hivi, anza kwa kudhani mtu anakimbia.

"Meat" ilikuwa chakula chochote. Kitabu cha Walawi, sura ya 2, katika King James kinaeleza kwa kirefu "meat offering", na ukisoma orodha ya vitu vinavyotolewa utakuta unga, mafuta na ubani. Nyama hakuna hata kipande. Kiswahili kikasema "sadaka ya unga" na kumaliza mjadala. "Corn" nayo ilikuwa nafaka yoyote, na kwa Uingereza hasa ngano. Yusufu hakuweka mahindi katika ghala za Farao. Mahindi yalikuwa bado Amerika, na hayakuvuka bahari mpaka baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Vivyo hivyo mwanafunzi wa historia anaposoma kuhusu Corn Laws, zile sheria za Uingereza za kuanzia mwaka 1815 zilizofutwa 1846, asione shamba la mahindi la Iringa wala la Kitale. Wale walikuwa wakigombania bei ya ngano.

"Suffer" katika habari ya Yesu na watoto ni "waacheni", waruhusuni. Hakuna mtoto anayeteswa. "Prevent" katika Wathesalonike wa Kwanza, sura ya 4, ni kutangulia, na Union Version imesema hivyohivyo, hatutawatangulia waliolala. "Quick" ni aliye hai. "Charity" katika Wakorintho wa Kwanza 13 ni upendo, na haidai mchango wowote wa bahasha. "Peculiar people" katika waraka wa kwanza wa Petro ni watu wa milki ya Mungu mwenyewe. Mhubiri akilieleza kuwa ni watu wa ajabu ajabu, waumini wake wataanza kuvaa ili wathibitishe. Na Yeremia, sura ya 24, aliona kikapu cha tini ambazo King James inaziita "naughty". Si tini watukutu. "Naught" ni si kitu, na tini zilikuwa mbovu, hazilikiki.

Nje ya Biblia mambo ni yaleyale. "Silly" ilianza ikiwa mwenye heri, aliyebarikiwa, ikashuka ikawa asiye na hatia, ikashuka ikawa wa kuhurumiwa, ikatua kwenye mjinga. "Girl", katika karne ya 14, ilikuwa mtoto, wa kike au wa kiume. "Villain" alikuwa mkulima wa shamba la bwana, na hapo sicheki: maskini hakufanya lolote ila kulima, na matajiri waliomiliki kalamu wakaligeuza jina la kazi yake kuwa jina la uovu. "Knave", aliyekuwa mvulana tu, kisha mtumishi, alipata mkosi uleule.

Turudi kwa wakili, kwani nilimsifu mapema mno. Maneno yake ya "here-" na "there-" yanafunguka kwa ufunguo mmoja: "here" ni hati hii, "there" ni kitu kile kilichotajwa, na yageuze. "Herein" ni ndani ya hii. "Thereof" ni ya kile. "Hereinafter" ni kuanzia hapa kwenda mbele katika hati hii. Mteja akipewa ufunguo huo anasoma mkataba wake mwenyewe, na naamini ana haki ya kuusoma. Tanzania mwaka 2021 ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, nami nilifurahi. Kumpenda mzee "hereinafter" si sababu ya kumpa mamlaka juu ya shamba la mtu asiyemwelewa. Na ukikuta hati inaanza kwa "know all men by these presents", usifungue mikono: "presents" ni hati hizi zilizopo, wala hakuna zawadi.

Pasipoti ya Uingereza, na za nchi kadhaa zilizopita mikononi mwao, inaomba mwenye nayo apite bila "let or hindrance". Unajiuliza inakuwaje "let", kuruhusu, iwekwe pamoja na kizuizi. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili vinavyokaribiana sauti, kimoja cha kuruhusu na kimoja cha kuzuia, vikaja kufanana kabisa. Cha kuzuia kimebaki mafichoni, kwenye karatasi unayomwonyesha afisa wa uhamiaji.

Viapo vitumie kwa uchache. "Zounds", inayotamkwa na wavulana kana kwamba ni mlio wa bastola, ni majeraha ya Mungu, yaani madonda ya Yesu msalabani. Mwaka 1606 Bunge lilipitisha sheria ya kumtoza faini ya pauni 10 mwigizaji atakayelitaja jina la Mungu ovyo jukwaani, nusu kwa mfalme na nusu kwa aliyemshtaki. Othello iliyochapwa mwaka 1622 ina viapo vya namna hiyo. Ile ya mwaka 1623 imefagiliwa. "Forsooth" haina hatari ya faini, lakini ujue hata enzi za Shakespeare wengi waliisema kwa kubenua mdomo: "eti kweli".

Kuhusu kipimo: mahali pa kale huhitaji neno moja au mawili, na yawe sahihi. Mwaka 1888 Archibald Ballantyne alimkosoa William Morris kwa tafsiri yake ya Odyssey, akakiita Kiingereza chake cha Wardour Street, mtaa wa London uliokuwa ukiuza fanicha za kuigiza ukale. Jina hilo lilimganda Morris, na ni haki, maana kila sentensi ilikuwa imepakwa vumbi kwa brashi. Ukiwa na shaka juu ya neno, fungua Oxford English Dictionary, kamusi iliyoanza kutoka kwa vipande mwaka 1884 na kukamilika 1928. Inaonyesha mwaka kwa mwaka nani alilitumia neno na kwa maana gani. Humo utalikuta hata "overmorrow", keshokutwa, katika Biblia ya Coverdale ya mwaka 1535. Walikuwa na neno zima la keshokutwa wakaliachia lipotee, sisi tunayo hiyo na mtondo na mtondogoo juu yake. Hilo lirudishe mjini bila hofu, sitakulaumu.

Siku ya kuondoka, agana kwa hesabu. Mmoja mwambie "fare thee well", wengi waambie "fare ye well". "Fare" ni kusafiri, kwa hiyo ni neno la kumpa anayeshika njia. Wewe unayesema kwaheri kwa mmoja na kwaherini kwa wengi hili halikusumbui. Na ukichoka na ukale wote huu, ukasema "goodbye" kama watu wengine, bado hujatoka: ni "God be with ye" iliyosagwa, na "ye" yake, ile ya wengi, imo humo ndani. Utakuwa umewaaga ninyi nyote, shangazi wa meza ya mbele wakiwemo.